Hamsta wa Pauni 15, Nyumba ya Pauni 100

Kwenye maduka ya wanyama ya Uingereza hamsta huuzwa pauni 10 hadi 20, na bei hiyo ndiyo inayowaponza wazazi. Mtoto ameomba mbwa mpaka amechoka. Mwenye nyumba hataki mbwa wala paka. Baba anafanya zamu za usiku ghalani, mama anahudumia wazee, na pale kwenye rafu ya duka pana kijinyama cha kuenea kiganjani kwa bei ya piza na soda. Mzazi anapiga hesabu ya haraka: 15 za mnyama, 40 za kizimba kinachouzwa na kila kitu ndani, tumemaliza. Familia za Waswahili ninazozijua huku, kuanzia Leicester hadi Milton Keynes, nyingi zilianza na hesabu hiyo, na nyingi zilijikuta zinanunua kizimba mara mbili.

Nawaandikia wale ambao bado hawajanunua, pamoja na yule ambaye tayari ana jike na ameanza kufikiria kumtafutia dume ili auze watoto.

Hamsta mwenyewe ni karibu kitu cha bei ndogo kuliko vyote utakavyonunua. Zinazopanga gharama ni tabia zake mbili: anachimba, na hamtaki mwenzake. Tabia ya kwanza inaamua utatumia kiasi gani kwenye nyumba. Ya pili inaamua kama kuna faida katika kumzalisha, na jibu lake nalitoa mapema: hakuna.

Hamsta wa Syria, yule mkubwa wa rangi ya dhahabu anayejulikana zaidi, hakuwa mnyama wa sebuleni miaka mia iliyopita. Mwaka 1930 mtaalamu wa wanyama Israel Aharoni, wa Chuo Kikuu cha Kiebrania cha Jerusalem, alipata mama na watoto wake shimoni karibu na Aleppo, na karibu hamsta wote wa aina hiyo wanaouzwa duniani leo wametokana na ukoo huo mmoja. Huko Syria wenzao bado wapo mashambani, kila mmoja na shimo lake, na mashimo yenyewe hushuka zaidi ya nusu mita chini ya ardhi. Miaka yote ya kufugwa haijawatoa tabia hiyo. Ukimpa sentimita tatu za matandiko atachimba hizo tatu, atagonga plastiki, kisha atahamia kwenye vyuma na kuvitafuna usiku kucha.

Hilo limepimwa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Bern, Uswisi, waliwaweka hamsta wa Syria kwenye matandiko ya kina cha sentimita 10, 40 na 80. Waliotafuna vyuma zaidi ni wale wa sentimita 10. Wengi wetu hutafsiri utafunaji huo kuwa meno yanamwasha, tukamnunulia kijiti cha kutafuna cha pauni 3. Kijiti hakitasaidia kitu. Anachotaka ni udongo.

Kwa hiyo ukiingia dukani beba futi ya kupimia na usiangalie rangi. Madaktari wa wanyama wa Ujerumani walio katika chama cha TVT wanataka sakafu isiyopungua sentimita 100 kwa 50, na kimo cha 50. Hicho ni kiwango cha chini, si anasa. Vile vizimba vyenye mabomba ya rangi, ghorofa na ngazi, vya pauni 30 hadi 50, pima sakafu yake: vingi havifiki hata nusu ya eneo hilo. Ghorofa hazihesabiki, kwa kuwa hamsta haoni mbali na akianguka huumia. Mabomba nayo hukusanya mkojo na mvuke, na hamsta wa Syria akinenepa kidogo anaweza kukwama humo. Kifungashio kitakwambia ni kizimba cha hamsta. Kifungashio hakijawahi kumwona hamsta.

Ngazi ya pili ni kizimba kikubwa cha waya chenye beseni la plastiki chini, urefu wa mita moja. Kipya nimekiona kwa pauni 80 hadi 130. Eneo lake linatosha, ila beseni mara nyingi lina kina cha sentimita 15 tu, kwa hiyo ukijaza matandiko ya kutosha yanamwagika zuliani kila anapochimba. Wanaojua hukata karatasi ngumu au akriliki na kuzungushia ndani upande wa chini. Inawezekana, lakini angalia pia nafasi kati ya chuma na chuma. Kwa hamsta wadogo iwe finyu sana, la sivyo utamtafuta nyuma ya friji.

Kisha kuna vizimba vya mbao vyenye kioo au akriliki mbele, pauni 100 hadi 180. Hivi ni vizuri kutazama, na kama nyumba ni ya kupanga havichafui ukuta wa mtu. Kasoro yake ni mkojo. Mbao ambayo haijapakwa rangi salama kwa wanyama hunywa mkojo wa pembeni, na baada ya mwaka harufu haitoki tena.

Mimi fedha yangu naiweka kwenye tangi la samaki la mtumba. Tangi la sentimita 120 kwa 45 lina eneo la sentimita za mraba 5,400, yaani linapita lile la chini la 5,000. Kwenye kurasa za watu wanaouziana vitu mtaani linapatikana kwa pauni 20 hadi 50, na kuna siri moja: tangi linalovuja halimfai kabisa mwenye samaki, lakini kwa hamsta halina kasoro. Mwenyewe anataka limtoke gereji, na mara nyingine atakupa bure ukija kulichukua. Hakikisha kioo hakina ufa mrefu, lioshe kwa maji ya moto na siki, kisha ulitengenezee mfuniko wa fremu ya mbao na wavu wa chuma kwa pauni 10 hadi 15. Mfuniko wa kioo au plastiki usiutumie, hewa haitazunguka. Mtafute na rafiki wa kulibeba, maana ni zito hasa, na meza ya kawaida ya runinga usiiamini.

Sasa matandiko, kwa sababu hapo ndipo watu hushtuka. Sakafu ya sentimita 100 kwa 50 ikijazwa kina cha 25 inataka lita 125. Ukizinunua kwa vifurushi vidogo vya karatasi vyenye picha ya hamsta, utalipa pauni 30 hadi 40 mara ya kwanza. Toka hapo, nenda duka la vifaa vya farasi. Bale kubwa la katani (hemp) iliyokatwa au la karatasi ngumu iliyosagwa, lililotengenezwa kwa ajili ya mazizi, ni pauni 10 hadi 20, na litajaza nyumba na kubaki. Chagua lisilo na manukato. Habari njema ni kwamba kina kikubwa hakibadilishwi kila wiki. Unatoa kona aliyokojolea na kuongeza kidogo, basi. Anayemwaga yote kila Jumamosi na kusugua kwa dawa anatupa pesa, na hamsta naye anaanza upya kutia harufu yake kila mahali akiwa na wasiwasi.

Kwenye kiota, ile pamba laini inayouzwa pauni 2 au 3 iache dukani. Nyuzi zake hujifunga miguuni na hata kukata damu isipite, na akizimeza humziba tumbo. Karatasi ya chooni isiyo na manukato, ukiichana vipande, inafanya kazi ileile, nayo tayari ipo nyumbani.

Gurudumu la kukimbilia ndilo kitu pekee ambacho nasema usiangalie bei. Linalokuja na kizimba mara nyingi ni la sentimita 14 hadi 18. Mtazame hamsta wa Syria akikimbia ndani yake kwa ubavuni: mgongo umekunjwa kwa nyuma, kichwa kimeinuliwa, kila hatua. Yeye hukimbia kilomita kadhaa kwa usiku mmoja, kwa hiyo huo mgongo unakunjwa saa nzima na zaidi. Anahitaji sentimita 28 au zaidi, na wale wadogo angalau 20, lenye sakafu iliyozibwa, si vijiti ambavyo mguu unapenya. Pauni 15 hadi 30. Lipia lile lisilopiga kelele, hasa kama mnaishi chumba kimoja, kwa kuwa kazi inaanza saa nne usiku.

Chakula hakitakusumbua. Gramu 10 hivi kwa siku, kwa hiyo kilo moja ya mchanganyiko wa nafaka na mbegu, pauni 5 hadi 8, humaliza karibu miezi mitatu. Kwa maisha yake yote, ambayo ni miaka miwili au miwili na nusu, utanunua kilo nane, tisa. Mboga ni kipande cha tango au brokoli kutoka kwenye sufuria yenu wenyewe kabla hamjatia chumvi.

Daktari ndiye mtihani. Kumwona tu ni pauni 40 hadi 60, na wasiokuwa na uzoefu na wanyama wadogo watakuelekeza kwa mwingine wa bei zaidi. Watu husita kulipa pauni 50 kwa mnyama wa pauni 15, na kusita huko ndiko kunakomuua, maana ugonjwa wa kuharisha uitwao mkia maji humaliza hamsta mchanga kwa siku mbili. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2006 haijali ulimnunua kiasi gani. Anayefuga anawajibika kumkinga na maumivu na maradhi, awe farasi au hamsta. Tenga pauni 5 kwa mwezi tangu siku ya kwanza. Mwaka ukiisha bila ugonjwa utakuwa na 60 mkononi.

Wapi pa kumpata? Dukani ni haraka, lakini hujui wazazi wake. Vituo vya kuokoa wanyama, vikiwemo vya RSPCA, huwa na hamsta walioachwa, mara nyingi kwa mchango mdogo kuliko bei ya duka, na baadhi hutolewa pamoja na kizimba. Kwa familia inayoanza, mimi ningeanzia huko. Mfugaji makini ni chaguo la tatu: bei yake haipishani sana na ya duka, atakuonyesha mama, atakupa tarehe ya kuzaliwa, na atakuuliza maswali mengi kuliko uliyomuuliza wewe. Asiyeuliza chochote, akakutumia picha na kukutajia maegesho ya kukutania, mpite. Na mtoto wako asiende kununua peke yake. Katika England na Wales ni kosa kumuuzia mnyama mtu wa chini ya miaka 16.

Kuhusu aina: chukua mmoja wa Syria na umfuge peke yake. Muuzaji anaweza kukwambia wale wadogo, wa Campbell, wa Siberia au Roborovski, huishi wawili wawili bila shida. Wengine huishi, mpaka siku wanapopigana, na ugomvi wao hausuluhishwi. Siku hiyo, tena mara nyingi ni usiku, unahitaji nyumba ya pili, gurudumu la pili na matandiko ya pili. Aliyenunua pacha kwa kuokoa pauni 5 anajikuta anadaiwa 100. (Mama mkwe wangu aliyeko Unguja, alipoonyeshwa hamsta kwenye simu, aliuliza kama Ulaya tumeishiwa mpaka tunafuga panya. Sijapata jibu la kumridhisha.)

Tuje kwa wanaotaka kuzalisha. Kishawishi ni rahisi kukielewa. Mimba ya hamsta wa Syria ni siku 16 tu, jike huingia kwenye joto kila baada ya siku nne, na huzaa watoto wanane, kumi, wakati mwingine zaidi. Mtu anazidisha kumi kwa pauni 10 na kuona 100 zinakuja ndani ya mwezi na nusu.

Toa kwanza matumizi. Dume, pauni 15. Hawezi kukaa na jike, kwa sababu nje ya usiku ule mmoja wa joto jike humshambulia na anaweza kumuua, kwa hiyo nyumba yake ya mtumba ni 40, gurudumu 20, matandiko 20. Hapo ni 95 na hakuna mimba bado. Watoto wakifikisha wiki nne madume hutengwa na majike, la sivyo watapandana ndugu kwa ndugu na mama yao pia. Masanduku mawili makubwa yenye wavu, 40. Chakula chao, 15. Daktari mara moja tu, kama una bahati, 50. Jumla 200, dhidi ya 100 za mauzo, kama wote kumi watauzwa. Maduka makubwa yana wafugaji wao wa mkataba na hayanunui kwa mtu mlangoni. Na kuanzia wiki ya sita hadi ya nane ndugu wa jinsi moja nao huanza kuumana, kila mmoja akidai nyumba yake. Wakibaki sita bila wateja, una vizimba sita vya kutafuta kabla ya Ijumaa.

Ukifanya tena na tena kwa lengo la faida, huku England inakuwa biashara ya kuuza wanyama, na kanuni za 2018 zinadai leseni ya halmashauri. Ada yake hutofautiana kila eneo, ila hakuna mahali ambapo uzao mmoja wa hamsta utailipa.

Wapo wanaozalisha vizuri, na kwa kweli wanatoa fedha mfukoni kwa mapenzi ya kazi. Wanajua mababu wa kila mnyama. Wanasubiri jike afikishe miezi minne hivi, na hawamwanzishi akiwa amepita sita. Wanajua rangi, na hapa ujinga huumiza kweli. Kuna rangi inaitwa roani, manyoya meupe yaliyochanganyika na ya rangi, nzuri sana kwa macho. Ukimpandisha roani kwa roani, kwa wastani mtoto mmoja kati ya wanne huzaliwa mweupe asiye na macho kabisa. Wazazi wote wawili wazima, wamenenepa, wanang'aa, na hakuna kitu dukani kitakachokuonya. Vivyo hivyo Campbell na wa Siberia: kwa macho hawatofautiani sana, hupandana, na hutoa chotara ambao baadaye huuzwa kwa jina lolote. Wa Campbell huelekea kupata kisukari, na chotara naye anaweza kukibeba bila mnunuzi kujua. Kama hujui hamsta wako ametoka wapi, na aliyetoka dukani hujui, hilo peke yake ni sababu ya kutomzalisha.

Kwa msomaji wa Nairobi au Dar ambaye amewaona hamsta wakitangazwa huko, mambo mawili yanabadilika. Maranda ya kwa fundi seremala ni ya bure au ya bei ya gunia, na kwa kuku hayana neno, lakini maranda mabichi ya msonobari na ya mwerezi hutoa mvuke unaowasha mapafu ya wanyama wadogo, na huko Kenya mbao nyingi za fundi ni za saiprasi, ambayo nayo ina mafuta yenye harufu kali. Majani makavu yaliyokatwa na karatasi zilizochanwa ni salama zaidi. La pili ni joto. Shimoni kwao Aleppo jua haliingii. Dar ya Januari, nyuzi 32 ndani ya tangi la kioo dirishani ni jiko. Huko kizimba cha waya chenye beseni la kina kinazidi tangi, kiwe kwenye chumba cha kivuli, na hamsta awe na kigae cha udongo kilichopozwa cha kulalia. Huku Ulaya shida ni kinyume chake: nyumba ikizimwa hita usiku wa Januari na baridi ikakaribia nyuzi 5, hamsta anaweza kuzimia, akawa wa baridi, aliyekakamaa, asiyeonekana kupumua. Mpashe joto polepole mikononi kwa nusu saa na umpeleke kwa daktari kabla hujamchimbia kaburi.

Limebaki jambo moja la dukani. Jinsia za hamsta wachanga hukosewa, na jike aliyekaa sanduku moja na kaka zake anaweza kuja kwako akiwa tayari na mimba. Kabla ya kulipa, mwombe muuzaji amwinue umwangalie kwa chini: kwa jike matundu mawili yamekaribiana sana, kwa dume yametengana, na dume aliyekomaa huonekana korodani wazi. Ukichukua jike, hesabu siku 18 tangu umlete. Zikipita bila kitu, uko salama. Akianza kutanuka ubavuni na kubeba karatasi kwa fujo, mwongezee protini, yai la kuchemsha kidogo au kuku asiye na chumvi, maji yasimwishie, na akishazaa usisafishe wala kushika kiota kwa wiki mbili, kwa kuwa mama aliyetishika hula watoto wake. Mpigie muuzaji siku hiyohiyo, na uwe na risiti. Baadhi ya wauzaji huwapokea watoto wakishaachishwa kunyonya, mradi umewaambia mapema, na umwambie mtoto wako mapema pia kwamba hawatabaki.